Picha za Ghafla za Maisha ya Kila Siku: Namna ya Kujiandaa kwa Usichokitarajia

Asubuhi moja, kwenye foleni ya pantoni upande wa Magogoni jijini Dar es Salaam, nilimwona kijana amebeba mgongoni kioo kirefu cha kabati la nguo. Alikuwa amekifunga kwa kamba mabegani, na uso wa kioo ulielekea nyuma yake. Mama aliyemfuata kwenye foleni alikuwa na mtandio uliovurugwa na upepo wa bahari. Akajitazama katika kile kioo, akachukua pini aliyokuwa ameibana kati ya midomo yake, akaufunga mtandio taratibu kana kwamba yuko chumbani kwake, na yule kijana hakujua lolote. Jambo zima halikuzidi sekunde 6. Nililipata kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale kwa karibu nusu saa, simu mkononi, kamera ikiwa wazi, na nilikwisha kuamua kwamba chochote kitakachopita kati ya nguzo ile na geti nitakipiga kutoka upande wa kivuli.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu watu wengi wanaopenda picha za namna hii hudhani kwamba ni za kubahatisha. Bahati ina sehemu yake, sikatai. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kupiga picha mitaani kwa simu, bila kulipwa na mtu, nimeamini kwamba lisilotarajiwa huonwa na yule anayelijua vizuri linalotarajiwa. Anayepanda pantoni kwa mara ya kwanza huona kila kitu kigeni, basi hupiga kila kitu, na jioni hujikuta na picha 200 zisizomwambia neno. Anayevuka kila siku ameshazoea mikokoteni, baiskeli, ndoo za samaki na abiria wanaokimbilia geti linapoanza kufungwa. Kwa hiyo kioo kilichobebwa mgongoni humshtua papo hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpiga picha wa ridhaa mwenye simu ya kawaida, na karibu yote yaliyomo yanahusu namna ya kufika kwenye hali hiyo ya kushtuka mapema kuliko wengine.

Chagua mahali pamoja na upazoee

Tafuta mahali unapoweza kufika kwa miguu ndani ya dakika 10 kutoka nyumbani au kazini. Pawe genge, kituo cha daladala, kinyozi, bomba la maji, kijiwe cha bao chini ya mwembe, au mdomo wa uchochoro. Ukaribu huo nausisitiza kwa sababu: mahali pa mbali utapaendea mara moja kwa mwezi, na kwa mwendo huo watu wa pale hawatakuzoea, wala wewe hutapazoea. Mara mbili tatu za mwanzo usipige picha yoyote. Nunua nyanya, kunywa kahawa, kaa kitako. Angalia watu hupita upande gani na husimama wapi, nani hufungua mapema na nani huchelewa, jua huingia kutoka wapi na huondoka saa ngapi.

Chukua genge la mtaani kwangu kuwa mfano. Inapokaribia saa 11 jioni mwenye genge huchota maji kwa kiganja na kuunyunyizia mchicha ili usinyauke, na wakati huo jua limekwisha kushuka hadi usawa wa paa la nyumba ya jirani, likipiga kutoka nyuma yake. Kwa muda usiofika sekunde moja matone hung'aa hewani kama cheche. Hilo hutokea kila siku, na ukilipiga peke yake unapata picha nzuri ya mchicha tu. Mimi nilirudi na picha za mchicha kwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne mtoto aliyetumwa chumvi alisimama mbele ya meza, akasubiri mkono wa mama uinuke, akatoa ulimi kudaka matone. Kama ningekuwa bado natafuta mahali pa kusimama, au bado nashangaa uzuri wa yale maji, mtoto angekwisha kuondoka na chumvi yake.

Ufundi huu wa kutafuta jukwaa kwanza na kumsubiri mtu baadaye una historia yake. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004, alipiga picha katika mji wa Hyères mwaka 1932 ambayo hadi leo hutumika kufundishia. Ilipigwa kutoka juu ya ngazi zinazoteremka kwa kujipinda. Chini kabisa, mahali ambapo mpindo wa ngazi unaacha nafasi tupu barabarani, mpanda baiskeli anapita, umbo lake likiwa limefifia kidogo kwa sababu ya mwendo. Ukimwondoa mpanda baiskeli, zinabaki ngazi tu. Ukiziondoa ngazi, baiskeli inakosa pa kupita. Mwaka huo huo, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, Cartier-Bresson alielekeza lenzi kwenye upenyo wa uzio akampata mtu akiruka dimbwi, kisigino kikiwa bado hakijagusa maji. Wengi wanaoitazama picha hiyo huutazama mruko. Mimi naomba ulitazame pia dimbwi, kwani lilikuwapo kabla mtu huyo hajafika. Masika yakianza, madimbwi ya namna hiyo hujaa Kariakoo, Manzese na Mwembe Tayari, na dimbwi lililokata njia ya watu lazima litarukwa na mtu. Kazi yako ni kuchagua lile ambalo nyuma yake pametulia.

Neno hilo, kutulia, lizingatie sana. Macho yetu yana uwezo wa kumfuata mtu mmoja katikati ya vurugu, lakini kamera huchukua kila kitu kwa uzito mmoja: bango la simu, waya wa umeme, ndoo nyekundu iliyo mbali, mguu wa mpita njia. Kabla hujamngoja mtu, tafuta ukuta wa rangi moja, mlango wa nakshi, mabati yaliyoshika kutu, au mwanya wa mwanga kati ya nyumba mbili, na ujaribu picha moja ikiwa tupu. Kama picha hiyo tupu inakuchosha kwa wingi wa vitu, sogea hatua mbili kulia au kushoto hadi itulie.

Sikio hutangulia jicho

Wanaofundisha upigaji picha huzungumzia macho tu, nami naona wanaliacha sikio bila sababu, kwa maana mitaani kwetu matukio mengi huanza kwa sauti. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake kabla hajatokeza kwenye kona. Konda hupiga bodi la daladala kumwambia dereva aondoke, na abiria aliyechelewa huanza kukimbia kwa kipigo hicho hicho. Bao linapofikia mahali pagumu, watazamaji waliokuwa wakibishana hunyamaza, na kete husikika zikidondoka moja moja katika mashimo. Ukiusikia ukimya huo jua kwamba baada ya muda mfupi mtu mmoja atashangilia na mwingine atashika kichwa. Kunguru wakipiga makelele ya ghafla sokoni, huenda paka amepita na kichwa cha samaki.

Fanya zoezi hili mara moja, nawe utaona tofauti. Kaa mahali ulipopachagua kwa dakika 15, simu ikiwa mfukoni, macho yakiwa chini, na uzihesabu sauti zote unazozisikia. Kwa kila sauti jiulize: baada yake hutokea nini, na hutokea upande gani? Mimi kwa njia hiyo niligundua kwamba muuza kahawa wa kijiwe chetu, kila anapopokea kikombe kilichotumika, hukisuuza ndani ya kopo la maji, kikombe kikagonga kopo mara mbili, kisha huyarusha maji pembeni bila kutazama. Wenyeji wanajua, nao huinua miguu bila kukatisha mazungumzo yao kuhusu mpira. Ile milio miwili ya kikombe ndiyo iliyonipa nafasi ya kuinua simu, na picha niliyoipata ina utepe wa maji hewani na jozi nne za miguu iliyoinuliwa, huku nyuso za wenye miguu zikiwa zimezama kabisa katika ubishi.

Simu iwe tayari kabla yako

Futa lenzi. Simu hukaa mfukoni na vumbi, hushikwa na vidole vyenye mafuta, kisha mtu hulalamika kwamba picha zake zina ukungu na taa zake zina mikia. Kitambaa laini cha pamba kinatosha, na kifanye kuwa desturi kila unapoitoa simu.

Kisha jifunze kuifungua kamera bila kuingiza namba ya siri. Simu nyingi za Android huifungua kamera ukibonyeza mara mbili kitufe cha kuwashia, na iPhone huifungua ukitelezesha kidole kuelekea kushoto kwenye kioo kilichofungwa. Vitufe vya sauti vilivyo ubavuni hupiga picha vilevile, na hivyo vinakuwezesha kuishika simu kwa mkono mmoja na kupiga bila kugusa kioo. Jifunze pia namna simu yako inavyopiga picha za mfululizo: nyingine hutaka ukishikilie kitufe, nyingine ukivute pembeni au chini. Fanya mazoezi hayo nyumbani, ukimpiga mtoto anayerukaruka au paka anayecheza, hadi kidole kikumbuke chenyewe.

Zima fleshi. Mwanga wake haufiki mbali zaidi ya mita chache, huwashtua watu, na huua mwanga halisi uliokuvutia. Achana na utaratibu wa kutia ukungu nyuma ya mtu, kwa kuwa huichelewesha simu na mara nyingi hukata masikio na nywele vibaya. Achana pia na ule wa usiku kwa kitu kinachotembea, kwa sababu hukusanya mwanga kwa sekunde nzima au zaidi. Sauti ya kamera mimi huiacha ikiwa imewashwa. Naona mtu ana haki ya kusikia kwamba amepigwa picha.

Usikivute kitu karibu kwa kutanua vidole juu ya kioo, hasa kwa simu yenye lenzi moja, kwa kuwa simu hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Sogea kwa miguu yako. Wala usisikitike kwamba simu yako si ya bei kubwa: picha ya kuchapishwa ya sentimita 10 kwa 15, ile iliyozoeleka kwenye albamu, inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200 tu, yaani kama megapikseli 2, na hakuna simu janja ya miaka ya karibuni isiyofikia hapo.

Jambo moja la kiufundi nataka ulielewe kwa undani kidogo, kwani ndilo linalotenganisha picha safi na picha iliyotikisika. Kamera hupokea mwanga kwa kipande kidogo cha sekunde, na katika kipande hicho kitu kinachotembea huwa kimesogea. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa 1/30 ya sekunde, mtu huyo amesogea karibu sentimita 5, na uso wake utaburutika. Ikipokea kwa 1/500, amesogea chini ya milimita 3, na ataonekana amesimama. Simu huchagua kasi hiyo yenyewe kufuatana na mwanga: juani huchagua kasi kubwa, ndani ya duka lenye giza huchagua ndogo. Ndiyo maana mtoto anayecheza kibarazani hutoka safi, na yule yule akiwa jikoni hutoka kama moshi. Dawa yake ni kumsubiri afike mlangoni au dirishani, au kungoja ule mpumuo mdogo ambao kila mwendo huwa nao: anayeruka kamba hutulia kidogo akiwa juu kabisa, na anayetwanga hutulia mchi unapofika kileleni.

Mwanga wa kwetu

Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa katika nchi ambazo jua hushuka polepole, na ushauri wake kuhusu mwanga wa jioni hautufai moja kwa moja. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua likishatua Dar es Salaam au Mombasa, unabakiwa na takriban dakika 20 za mwanga wa kutosha, kisha giza. Kwa hiyo mtu anayetaka rangi ya jioni awe amekwisha kusimama mahali pake saa 11 na nusu, wala asianze kutembea muda huo kwenda kupatafuta.

Adhuhuri huogopwa na wengi, nami naona inaonewa. Ni kweli kwamba jua la utosini, ambalo kwa Dar es Salaam hupita juu ya kichwa hasa mwezi Machi na Oktoba, huweka kivuli kizito machoni. Lakini wakati huo huo mwanga huanguka wima katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa, hugonga sakafu na kuta za chokaa, kisha huwapanda watu kutoka chini kwa ulaini usiopatikana saa nyingine. Sokoni, chini ya mabati yenye matundu, miale huteremka kama fimbo, na anayepita ndani yake huangaziwa kwa hatua moja tu. Tafuta fimbo hizo, pima mwanga juu ya mojawapo, na ungoje.

Kupima mwanga nako kunahitaji uangalifu ambao simu haiwezi kuufanya kwa niaba yako. Kamera hutafuta wastani wa yote inayoyaona. Mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, kamera huuhofia ukuta na kumgeuza mtu kuwa kivuli. Gusa uso wake juu ya kioo cha simu, ushikilie kidole hadi alama ijifunge, kisha pandisha au teremsha mwanga hadi uuone uso. Ukuta ukiwa mweupe kupita kiasi, uache. Uso ndio ulioujia.

Wakati wenyewe

Jambo linapotokea, piga picha ya kwanza mara moja, hata kama haikupangika, halafu ndipo urekebishe: piga hatua mbele, inama, hakikisha pembe nne za picha. Usitazame ulichokipata. Nimepoteza picha nyingi kwa kosa hili moja la kuinamisha kichwa kuangalia kioo wakati jambo bado linaendelea mbele yangu. Endelea hadi liishe, kisha subiri sekunde 10 zaidi, kwa sababu baada ya kishindo watu hutazamana, na ule utazamanaji mara nyingi una habari nyingi kuliko kishindo chenyewe.

Geuka pia nyuma yako. Pale ambapo kila mtu anatazama upande mmoja, iwe ni gwaride, mpira wa mchangani, au lori lililonasa matopeni, picha zinazodumu hutoka kwa watazamaji: mzee aliyembeba mjukuu shingoni na wote wawili midomo wazi, au msichana aliyeziba macho kwa vidole na kuacha upenyo.

Urefu unaopigia nao hubadilisha maana. Ukimpiga mtoto ukiwa umesimama wima, unapata utosi wake. Ukichuchumaa, unapata ulimwengu wake. Vivian Maier, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2009, ambaye kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu mjini Chicago, alitumia kwa miaka mingi kamera ya Rolleiflex ambayo mtumiaji huitazama kutoka juu ikiwa usawa wa tumbo au kifua. Kwa sababu hiyo watu wengi katika picha zake wanaonekana kuwa wakubwa na wenye hadhi. Simu inaweza kushikwa vivyo hivyo: ishushe hadi kifuani, iinamishe kidogo, na utaona mpagazi wa Kariakoo anavyosimama mbele ya anga badala ya mbele ya lundo la maboksi.

Mtu kwanza

Hapa nitasema kwa uzito, kwa kuwa nimekosea na kosa langu lilimuumiza mtu. Niliwahi kumpiga picha mama muuza samaki akicheka kwa kicheko cha kweli kabisa, nami nikaituma kwenye mtandao siku ile ile kwa furaha. Picha ilimfikia mtu wa familia yake kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa ipo, na kumbe alikuwa hajawaambia nyumbani kwamba anafanya biashara hiyo. Niliifuta, nikamwendea kumwomba radhi, naye alinipokea kwa upole ambao sikustahili. Tangu siku hiyo sitoi picha ya mtu anayetambulika bila kumwonyesha kwanza.

Kumwomba mtu ruhusa kabla ya kupiga huua jambo la ghafla, hilo ni kweli. Atajipanga, atatabasamu, atanyoosha kanzu. Kwa hiyo omba baada ya kupiga, lakini omba hapo hapo, na uwe tayari kufuta. Mkaribie kwa adabu ya mahali:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekupiga picha sasa hivi ulipokuwa unapanga kete. Naomba uione. Usipoipenda, naifuta mbele yako."

Katika uzoefu wangu wengi huipenda, na wengi zaidi huita wenzao waje waione. Anayekataa, futa, na uifute pia kule ambako simu huhifadhi zilizofutwa, huku akiona. Mtu huyo kesho ndiye atakayekuambia, "Leo kuna jambo, kaa hapa."

Yapo ambayo hayapigwi hata kama ni ya ghafla na yamekujia mkononi: majeruhi wa ajali, maiti, mtu aliyelewa au aliyechanganyikiwa, mwanamke ambaye buibui lake limepeperuka, mtoto aliyevuliwa nguo kuogeshwa bombani, mtu anayepigwa na kundi. Msikitini, kanisani na msibani subiri wenyewe wakukaribishe. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege na majengo ya serikali yanayolindwa. Pale Magogoni, kwa mfano, Ikulu iko jirani na soko la samaki, basi elekea baharini na sokoni, na mlinzi akikuuliza mwonyeshe ulichokipiga bila ubishi. Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja haki ya faragha katika ibara ya 31. Picha inayomtambulisha mtu usiitoe itumike katika tangazo la biashara bila idhini yake ya maandishi.

Picha ikishapatikana

Usichague siku ile ile. Furaha ya kuwapo bado iko mwilini, nayo hukudanganya kwamba kila ulichokiona kimo ndani ya picha. Ngoja wiki moja, kisha zitazame ukijiuliza kama mtu ambaye hakuwapo angeona ulichokiona. Katika mfululizo wa picha 12 za tendo moja bakiza moja, au mbili ukishindwa kabisa. Kukata kingo kunaruhusiwa; picha ile ya Saint-Lazare nayo ilikatwa. Kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwapo hakuruhusiwi kwangu, kwa kuwa thamani ya picha hizi ni kwamba jambo lilitokea kweli.

Andika mahali, tarehe na kilichotokea, siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Kuna picha mashuhuri ya Martin Munkácsi, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria, ya vijana watatu weusi wanaokimbilia majini wakiwa vivuli vitupu, ambayo Cartier-Bresson aliisifu maisha yake yote kuwa ndiyo iliyomwonyesha uwezo wa kamera. Kwa miaka mingi imetambulishwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika. Watafiti wengine husema ilipigwa Liberia. Nikiitazama hufikiri juu ya vijana wale watatu, ambao hata ufuko wao umepotea kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi. Kinyume chake, Zanzibar ina hazina ya studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na anayeona picha zake za mitaa na watu hujua mara moja anatazama mji gani.

Hifadhi nakala mahali pawili, kwa maana simu huibiwa, huanguka majini na hufa. Na zile chache zilizo bora zichapishe. Vivian Maier aliacha nyuma yake hasi, yaani zile filamu ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo, zaidi ya 100,000, na nyingi kati ya picha zake hakuwahi kuziona zikiwa zimechapishwa. Zilijulikana baada ya mali zake kupigwa mnada mwaka 2007 mjini Chicago. Kwako wewe studio ya mtaani inatosha. Chapisha nakala mbili, moja yako na moja ya mwenye picha, umpelekee mkononi. Muuza kahawa wa kijiwe chetu nilimpa yake mchana, wakati wateja wamepungua. Alifuta mikono kwanza, akaishika kwa kingo, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akawaita wale wenye miguu minane ili kila mmoja atambue ya kwake.